Mchoraji Ughaibuni: Kazi ya Ualimu Ipimwe kwa Saa

Desemba 2017, katika mji wa Hull, kaskazini mwa Uingereza, Tuzo ya Turner ya sanaa ilikwenda kwa mwanamke aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954. Lubaina Himid alikuwa na miaka 63. Kabla yake hakuna mtu wa umri huo aliyekuwa ameipata, wala mwanamke mweusi yeyote. Mwaka mmoja nyuma asingeweza hata kushindanishwa, maana tangu 1991 tuzo hiyo ilikuwa ya wasanii walio chini ya miaka 50. Magazeti yaliandika sana juu ya umri wake na rangi yake. Ajira yake ilitajwa kwa kupita tu: alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston, mahali alipokuwa amefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Naanza na Preston kwa makusudi. Kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayetamani kwenda kuchora nje huuliza kwanza picha zinauzwaje huko. Ni swali la maana, ila limeruka zamu. Kabla hujajua picha itauzwaje, ujue nani atalipa kodi ya chumba katika miaka ambayo picha haziuziki, na miaka hiyo huwa mingi. Wachoraji wengi, wakiwemo wenye majina makubwa, wamelijibu swali hilo kwa kushika chaki. Vijiweni utasikia kwamba anayefundisha ni yule aliyeshindwa kuchora. Waache waseme. Jambo la kuangalia ni kwamba ualimu wenyewe haufanani: upo unaomlisha mchoraji, na upo unaommaliza kimyakimya huku mshahara ukiingia kila mwezi.

Ushauri wangu, basi, uko hapa. Ukitafuta kazi ya kufundisha sanaa ughaibuni, usianze kuipima kwa mshahara wala kwa jina la jiji. Ipime kwa saa itakazokuachia za kuchora, na kwa nafasi utakayopata ya kuchorea na kuweka picha. Mshahara uje wa tatu.

Mtazame Himid kwa kipimo hicho. Alisomea usanifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha Wimbledon, akamaliza 1976, kisha akachukua uzamili wa historia ya utamaduni Royal College of Art mwaka 1984. Hakuketi kusubiri aitwe. Mwaka 1983 alikusanya wenzake wanne wakaonyesha kazi pamoja katika jengo la Africa Centre, London. Mwaka 1985 akaandaa maonyesho ya wanawake kumi na mmoja pale ICA, jumba la sanaa la London, na nafasi waliyopewa ilikuwa ushoroba wa kupitia watu. Baadaye alihamia kaskazini, mbali na soko la London, akawa mwalimu wa chuo. Mwaka 2004 alikamilisha kazi inayoitwa Naming the Money: sanamu bapa 100 za mbao, kila moja kimo cha mtu mzima, zimepakwa rangi za kung'aa. Ni wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wafunza mbwa, Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, na nyuma ya kila mmoja kuna jina lake la asili na jina alilobandikwa.

Sasa jiulize: nani angenunua watu mia wa mbao aweke sebuleni? Mchoraji anayetegemea picha imlipie kodi mwezi ujao hathubutu kuanza kazi ya namna hiyo. Aliyekwisha kulipwa na chuo anathubutu, na ana mahali pa kuihifadhi mpaka wakati wake ufike. Leo watu hao mia wamo katika mkusanyiko wa International Slavery Museum ya Liverpool. Mwaka 2007 alichora juu ya vyombo 100 vya zamani vya mezani, sahani na majagi na mabakuli ya supu, akaonyesha sura za watumwa na za mabwana waliotajirika kwa biashara ya bandari ya Lancaster. Hapo tena soko halikuwa na la kusema.

Lakini tusidanganyane. Himid alipelekwa Uingereza akiwa na miezi minne, baada ya baba yake kufariki kwa malaria. Alikulia London na mama yake alikuwa msanifu wa vitambaa. Pasipoti haikumsumbua, wala lugha, wala viza. Anayetoka Moshi au Kisumu akiwa na miaka 27 ana mlima mwingine wa kupanda.

Aliyeupanda mapema ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere katika shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, kuanzia 1952 hadi 1955, na akarudi kuendelea kufundisha Makerere. Picha yake ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye mkusanyiko wa jumba la sanaa la MoMA, New York. Watu wa Kilimanjaro hawahitaji maelezo ya picha hiyo. Baadaye akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, jambo ambalo simshauri mtu alitegemee katika mipango yake. Ninachokiona kwa Mzee Ntiro ni mpangilio wa safari: Slade ilikuwa katikati ya kazi ya ualimu, haikuwa mwanzo wa kutangatanga. Kama una ajira ya kufundisha sasa, chuoni au sekondari, omba ruhusa ya masomo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Wengi huacha kwanza, halafu viza ikichelewa wanabaki hawana hapa wala pale.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Mlango mpana zaidi kwa mwalimu wa Afrika Mashariki ni shule za kimataifa: za Muscat, Doha na Dubai, za Asia, na hata zilizo hapahapa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Zinafuata mitaala ya Cambridge au ya IB (International Baccalaureate), na kama hujawahi kuifundisha, barua yako ya maombi haifiki mbali. Kwa hiyo anza nyumbani. Miaka miwili katika shule ya kimataifa ya hapa, hata kama ni msaidizi, ina uzito kuliko cheti kingine cha ziada.

Utakuta pia kwamba unachojua kuhusu kufundisha kuchora hakitoshi. Sisi wengi tulifundishwa kuweka chungu na ndizi mezani tukaambiwa tuchore vifanane. Mitihani ya Cambridge haiendi hivyo. Mwanafunzi wa IGCSE hukaa saa 8 chini ya usimamizi akitengeneza kazi yake ya mwisho, wa A Level saa 15, ila kabla ya hapo amepewa wiki kadhaa za matayarisho, na karatasi za matayarisho huenda kwa mtahini pamoja na picha. Mtahini anataka kuona ulivyojaribu, ulivyokosea, msanii gani ulimtazama, kwa nini ukabadilisha rangi. Mwalimu anayesifia picha safi na kutupa makaratasi yaliyochafuka anawanyima wanafunzi wake alama. Jizoeze mwenyewe kutunza daftari la michoro ya majaribio. Litakusaidia darasani, na kwenye usaili ndilo watakaloliomba.

Kwenye usaili huo, uliza maswali yako bila haya. Vipindi vingapi kwa juma? Vipindi 24 vya dakika 40 ni saa 16 darasani. Hesabu karibu saa nyingine kama hizo za kuandaa, kusahihisha, kuosha brashi na kukaa vikaoni. Je, nani hutengeneza mandhari ya jukwaa la tamthilia ya mwisho wa mwaka? Nani huandika mabango ya siku ya michezo, hupamba ukumbi wa mahafali, huchora ukuta wa chekechea? Aliyewahi kuwa mwalimu wa sanaa anajua jibu: ni yeye. Wenzake wa hisabati wanakwenda nyumbani saa tisa, yeye yuko juu ya ngazi na ndoo ya rangi ya bluu. Si vibaya, lakini ijulikane na iandikwe. Halafu swali ambalo watu husahau: chumba cha sanaa naruhusiwa kukitumia jioni na wakati wa likizo? Shule inayokupa ufunguo wa chumba chenye sinki, meza kubwa na kanvasi zilizoegemezwa ukutani imekuongezea mshahara, maana studio ya kupanga mjini ni ghali.

Ghuba ina mvuto wake. Shule nyingi hutoa nyumba na tiketi ya ndege ya mwaka, mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili, na kwa kawaida mshahara haukatwi kodi ya mapato. Waswahili wa Muscat watakupokea kwa biriani na lahaja utakayoielewa. Ila kibali cha kazi huko kinakufunga kwa mwajiri aliyekuleta. Kuuza picha pembeni bila idhini kunaweza kukuletea matatizo, kwa hiyo omba barua ya ruhusa kabla hujatundika chochote kwenye mkahawa wa rafiki. Na fikiria unachora nini. Ikiwa kazi yako ni miili ya watu, zungumza na mkuu wa idara mapema kuhusu kinachoweza kuonyeshwa na kisichoweza.

Shule za serikali za Ulaya na Marekani ni habari nyingine. Zinataka leseni ya ualimu ya huko huko, na cheti chako cha hapa hakigeuki chenyewe. England wanaita QTS. Marekani kila jimbo lina leseni yake. Shule binafsi huwa na uhuru zaidi wa kuajiri bila hiyo. Vyuo vikuu vya Marekani, kwa walimu wa uchoraji, huhesabu MFA, yaani uzamili wa sanaa, kuwa shahada ya mwisho ya fani: ukiwa nayo unaweza kuomba kazi ya kudumu, usipokuwa nayo hupiti mlangoni. Lakini angalia mtego wa kazi za muda. Chuo kinakulipa kwa kozi, leo kozi mbili hapa, kesho moja mji wa pili, bima ya afya hakuna, na saa zako zinaishia kwenye basi. Kwa kipimo changu cha saa, kazi hiyo ni mbaya kuliko ualimu wa sekondari, ingawa inasikika vizuri zaidi ukipiga simu nyumbani.

Karatasi. Kusanya cheti cha kuzaliwa, vya shule na vya chuo mapema, uhakikishe jina lako limeandikwa namna moja kote. Juma na Jumaa, Mwanaidi na Mwanaidd, herufi moja imewahi kukwamisha safari za watu. Nchi za Ghuba huhitaji vyeti vithibitishwe, yaani vipite Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi iliyovitoa na ubalozi wa nchi uendayo. Kazi hiyo huchukua majuma. Usiianze baada ya kupata ajira.

Viza ndiyo inayowaumiza wachoraji kuliko walimu wa masomo mengine, kwa sababu moja. Ukienda Uingereza kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa, ukisomea shahada ya kwanza au ya juu, kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini huruhusiwi kujiajiri. Kuuza picha zako mwenyewe kwa faida ni kujiajiri. Kijana anauza picha tatu kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, anafurahi, anaweka Instagram, wala hajui amevunja sharti la viza. Marekani nayo ina masharti makali kwa mwenye viza ya mwanafunzi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, uulize kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Ipo viza ya Uingereza inayomruhusu msanii kufanya kazi bila kufungwa kwa mwajiri, inayoitwa Global Talent, ambayo kwa wachoraji hukaguliwa na Arts Council England. Wanachotaka ni ushahidi wa karatasi: katalogi za maonyesho, makala za magazeti, tuzo, barua za watu wanaojua kazi yako kitaaluma. Ushahidi huo haukusanywi wiki moja kabla ya kuomba. Gazeti la Mwananchi au la Nation likiandika mistari minne juu ya maonyesho yako, kata, piga picha, tunza, na tarehe ionekane.

Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza na kukutaka urudi nyumbani angalau miaka miwili. Fulbright ya Marekani nayo ina sharti la miaka miwili. Watu hulalamikia masharti hayo. Mimi naona miaka miwili nyumbani, ukiwa na shahada mpya na jina lililoanza kusikika, ni wakati mzuri wa kuchora kwa wingi kwa gharama ndogo. Usiipoteze ukihesabu siku za kuondoka tena.

Kuna pia makazi ya wasanii, yaani kualikwa mahali kwa muda ukapewa studio. Rijksakademie ya Amsterdam ni miaka miwili na posho. Skowhegan, jimbo la Maine, ni wiki tisa za kiangazi. Gasworks ya London huchukua miezi michache. Nafasi hizi zinatafutwa na dunia nzima, kwa hiyo anza na zilizo karibu: Nafasi Art Space, Dar es Salaam, ipo tangu 2008, na watu wanaopita pale ndio wanaojua milango mingine. Jihadhari na mwaliko unaokuja kwa barua pepe, unaokusifu sana, kisha unaomba ulipie ukuta. Galari yenye wateja inapata pesa kwa kuuza picha. Inayopata pesa kwa kukutoza wewe haina haja ya kutafuta mnunuzi. Ukisikia ada ya ushiriki, funga barua.

Jalada la kazi la kutuma kwenye maombi liwe na picha 15 hadi 20, na ziwe za miaka ya karibuni. Bora kazi 15 zinazozungumza pamoja kuliko 20 zilizookotwa huku na kule: Mmasai machweo, sura ya rais, bakuli la matunda. Piga picha kivulini nje, asubuhi, bila flashi, kamera ikitazama katikati ya picha moja kwa moja, fremu isionekane. Kila moja iwe na jina, mwaka, vifaa na vipimo kwa sentimita, urefu kwanza. Ukiomba kazi ya ualimu, ongeza kurasa chache za kazi za wanafunzi wako, kwa idhini yao, zikiwemo karatasi za matayarisho. Hizo kurasa chache zimewapa watu ajira kuliko picha zao wenyewe.

Bei. Hapa tunaharibu sana. Picha inauzwa shilingi laki moja kwa jirani, laki tano kwa mtalii, na pauni elfu moja London, na sasa mnunuzi wa London ana simu yenye intaneti. Weka kanuni moja, itumike kila mahali. Njia rahisi ni kujumlisha urefu na upana kisha kuzidisha kwa kiwango chako. Kanvasi ya sentimita 60 kwa 80 ina jumla ya 140. Kiwango chako kikiwa dola 5, bei ni dola 700. Galari ikichukua nusu, ambayo ndiyo desturi katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, unabaki na 350. Toa kanvasi, rangi, fremu na usafirishaji, uone kama kilichobaki kinakutosha. Kama hakitoshi, tatizo ni kiwango, usimlaumu mwenye galari. Pandisha taratibu, kila baada ya maonyesho mazuri, na usishushe kamwe, maana aliyekununua mwanzo anaangalia.

Picha ukiiacha galari, umeiacha mali kauli, na mali kauli bila karatasi ni zawadi. Andikeni: picha zipi, bei ya kila moja, mgawo, itakaa kwa muda gani, nani analipa ikiharibika au ikipotea, na utalipwa ndani ya siku ngapi baada ya kuuzwa. Galari ya kweli haikasiriki ukiomba hati hiyo; kwa kawaida inayo tayari. Ukiondoka mji huo, chukua picha zako au upate orodha mpya iliyosainiwa.

Kusafirisha. Kanvasi ikitolewa kwenye fremu, izungushwe upande wenye rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana. Watu huzungusha rangi ikiwa ndani kwa kudhani wanailinda, na rangi inajikunja na kupasuka. Akriliki hulainika kwenye joto, kwa hiyo plastiki isiguse uso wa picha. Weka karatasi laini isiyo na asidi kati yake. Rangi ya mafuta iwe imekauka kweli, na vanishi ya kawaida ya kumalizia isubiri miezi sita hadi mwaka. Ukitumia kreti ya mbao, mbao ziwe zimepashwa joto na kupigwa muhuri wa ISPM 15, la sivyo forodha ya huko inaweza kuukataa mzigo wote kwa kuhofia wadudu. Kwenye fomu andika kwamba ni picha halisi zilizochorwa kwa mkono, namba ya forodha 9701, kwa sababu nchi nyingi hutoza sanaa halisi kodi ndogo au kutoitoza kabisa, wakati mapambo ya nyumbani yana kodi yake.

Ukifika, kazi yenyewe itabadilika kabla hujaamua. Edinburgh mwezi Desemba mchana ni kama saa saba tu, na mwanga wake umelala, una kijivu. Nyekundu uliyoichanganya Tanga itaonekana kama matofali. Nunua taa zenye mwanga wa mchana, kiwango cha kelvini 5000 na alama ya usahihi wa rangi, CRI, zaidi ya 90, hata kama utakula ugali na maharage wiki mbili. Vipasha joto vya nyumba za Ulaya hukausha mbao; kanvasi ikilegea, gongea kabari kwenye pembe za fremu kidogokidogo, usimwagie maji nyuma kama wengine wanavyofundishana.

Na kuna shinikizo la kuchora kile wanachodhani ni Afrika. Watakuomba tembo. Kwa nini usiwape? Kwa sababu ukiwapa miaka mitano hawatakuamini siku ukileta kingine. Hii si kusema ukimbie kwenu. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984 na kusoma Slade na shule ya Royal Academy, alikuta lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, kikiuzwa kwa watalii Nairobi kama mkeka mdogo wa mezani. Alianza kuchora juu yake kwa rangi ya mafuta, na matobo na mishono ya gome ikawa sehemu ya picha. Himid naye kwa miaka mingi amefanya kazi zenye umbo la kanga, pindo na mji na maneno chini. Wote wawili walichukua kitu kinachojulikana na mnunuzi wa mtaani wakakitendea kazi ambayo mtalii hakuiomba. Armitage alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa, NCAI, mwaka 2020. Anayefundisha nje anaweza kufanya jambo dogo la namna hiyo kila likizo: kuleta vitabu, kuendesha warsha ya siku tatu, kumwandikia mwanafunzi wa kwao barua ya udhamini.

Kuhusu subira nitamtaja mtu mmoja. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, akahamia Sweden 1973, akasomea anthropolojia Stockholm, na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, 1980. Mwaka 1982, akiishi Åkersberga, alijichora mwenyewe. National Portrait Gallery ya London iliinunua picha hiyo mwaka 2022, ikiwa ya kwanza kwenye mkusanyiko wake kuchorwa na mwanamke mweusi akijichora mwenyewe. Katikati ya miaka hiyo 40 aliishi Ufaransa, Ubelgiji na Uskoti, aliandika na kutafiti sanaa ya Afrika, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Middlesex 2012, na mwaka 2024 Edinburgh ikamfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Picha ya 1982 isingenunuliwa 2022 kama ingekuwa imepotea, na hapa wachoraji wanaohamahama huponzwa. Nunua daftari gumu. Kila picha iwe na namba, nyuma ya kanvasi na daftarini: jina, mwaka, vipimo, vifaa, ilionyeshwa wapi, iko kwa nani, iliuzwa bei gani. Uliyoipa rafiki ya harusi iandikwe pia. Picha ya simu ya kila kazi ihifadhiwe mahali pawili. Ukimwuzia mtu, mpe risiti inayosema umeuza picha na siyo hakimiliki. Akitaka kuichapa kwenye kalenda au mashuka atakuja kukuomba na kukulipa. Kwa sheria za Tanzania na Kenya haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kifo cha msanii, Uingereza na Umoja wa Ulaya miaka 70, kwa hiyo watoto wako watahitaji kujua ulichora nini na kiko wapi. Sajili kazi kubwa kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kabla hujaondoka, na nakala ya daftari ibaki kwa ndugu mmoja nyumbani ambaye hapotezi karatasi.